Mwaka Niliovaa Gauni la Msalato

Habari ya kifo cha Tatu ilinikuta Bahi wakati mvua zimekata barabara, na nilipofika Dodoma alikuwa ameshazikwa siku tatu nyuma. Kwa hiyo nililia kwa kuchelewa, peke yangu, wenzangu wameshakausha macho. Arobaini yake sikukubali kuikosa. Nilifika tangu asubuhi, nikamenya viazi, nikachambua mchele wa pilau, na huku nachambua nikawa nawasikia wanawake wakimweleza marehemu kwa maneno ambayo mwenyewe angeyakataa: mpole, mnyamavu, asiye na makuu. Tatu hakuwa mpole. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti, nikajizuia kwa heshima ya msiba, nikaendelea na mchele. Khitma ilipokwisha na watu wameshakula, binti yake Saumu alinishika mkono akaniingiza kwenye chumba cha cherehani, akafungua sanduku la bati, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi mweusi. "Mama mdogo, hiki ni chako. Mama alisema ukija usiondoke bila hiki." Niliujua uzito wake kabla sijaufungua.

Ukoo na utoto wangu nitaviacha vipumzike. Vina mambo mengi na havihusiki hapa. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wangu wa majaribio. Aliyewahi kuajiriwa katika ofisi ya umma anaujua. Unaingia na barua inayosema umeajiriwa kwa majaribio ya miezi kumi na miwili. Ikiisha, ama unathibitishwa kazini, ama unashukuriwa kwa utumishi wako na kutakiwa kila la heri. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Zilikuwa zile siku ambazo kila kitu kimekuwa ruksa: maduka yaliyokuwa na rafu tupu sasa yalijaa sabuni za kila rangi, vijana wakafungua vibanda kila kona, na wakati huohuo maofisini neno la kupunguza wafanyakazi likaanza kusemwa kwa sauti ya chini, hasa karibu na watu kama mimi. Nisipothibitishwa ningerudi Bahi kwenye majaruba, kuinama kutwa kwenye tope la mpunga. Sina ugomvi na mpunga, nimeula maisha yangu yote. Lakini nilikuwa nimejifunza kupiga mashine bila kutazama vidole, na sikutaka vidole hivyo virudi kwenye tope.

Nilipanga chumba kwa Mama Mwanaidi, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Mababu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Mwenyewe alikuwa akisema walichoka njiani wakaona heri wabaki, na tangu hapo ukoo mzima umekuwa ukiwauzia Wagogo kitu fulani. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha futi tatu, jiko la mkaa nililolitoa asubuhi na kuliingiza jioni, dirisha la ukubwa wa sinia, na kamba iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye kamba hiyo zilining'inia mali zangu zote: gauni la kijivu na gauni la kahawia. Chakula changu kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, na Mama Mwanaidi hakuweza kupita mlangoni bila kuchungulia sufuria. "Loi, mlenda huu mtu anautafuna au anaukimbiza?" "Unauacha upite wenyewe, mama." "Haya, lete kidogo tuukimbize." Naye kila Ijumaa aliniletea sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kawa. Chumba cha mbele, chenye mlango wa kutokea barabarani, kilikuwa cha binti yake Tatu, fundi cherehani. Alinizidi miaka minane, alikuwa ameolewa mara moja na kuachika mara moja, na alivisimulia vyote viwili kama safari za kwenda gengeni.

Mwezi wa tatu, nikiwa nakwenda kuosha kikombe katika chumba cha chai nyuma ya masijala, nilisikia kicheko nikasimama nje ya mlango. Ndani alikuwepo Bi Konstansia, katibu muhtasi wa bosi wetu, pamoja na karani wa masijala. "Leo siku gani, jamani? Nimepotea kabisa," karani akauliza. "Jumanne au Alhamisi," Bi Konstansia akajibu. "Kalenda kavaa kahawia." Wakacheka. "Kumbe kijivu ndiyo Jumatatu?" "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hakosei. Mwache mtoto wa watu, katoka Bahi." Nilirudi na kikombe kichafu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kwa muda niliharibu karatasi mbili mfululizo. Halafu, nikiwa naingiza ya tatu kwenye mashine, aibu ikageuka kuwa hasira, na hasira ile, namshukuru Mungu, haijaisha mpaka leo. Hawakuwa wamenitukana. Walikuwa wamenisoma, na kilichoniudhi ni kwamba walimaliza kunisoma kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Jioni nilimwambia Tatu, nikitegemea anionee huruma. Alitoa pini mdomoni. "Sasa kinachokuuma ni kwamba una nguo mbili, au kwamba wamejua?" Akaninyooshea mkono. "Zilete." Akazitandaza mezani, akazigeuza ndani nje, akavuta mishono. "Nguo mbili si ugonjwa, shoga. Ila unazivaa kama unaomba radhi. Mabega umeyakunja, mkono muda wote umeshika kola. Mtu akikutazama anajua hapa pana kitu kinafichwa." Alibandua kola zote mbili, akashona nyingine tatu za kubandika na kubandua kwa vishikizo, moja nyeupe aliyoikata kwenye shati la kiume lililochakaa, mbili za vipande vya kitenge. Akatengeneza mkanda mpana kutoka kwenye ngozi ya mkoba uliokufa. Akanionyesha jinsi kipande cha khanga kinavyoweza kufungwa shingoni, kichwani, au kiunoni juu ya gauni. Lakini somo lenyewe lilikuwa kutembea. Alinisimamisha mwisho wa ukumbi, akaniamuru nije hadi mlango wa mbele, nirudi, nije tena, huku Mama Mwanaidi akichambua mchele pembeni na kutoa hukumu. "Huyo anakwenda kuomba chumvi." Nikarudia. "Huyo sasa kaipata, anarudi nyumbani." Nikarudia tena, nimechoka, nimeudhika, nimesahau mikono yangu. Mama Mwanaidi akainua uso kutoka kwenye ungo. "Eh! Huyo anakwenda kudai chumvi yake." "Hapohapo," Tatu akasema. "Hivyohivyo ofisini."

Jumamosi alinipeleka mnadani Msalato. Siku hizi ukitaja Msalato watu wanafikiria uwanja wa ndege. Sisi tulifikiria ng'ombe. Mbele kulikuwa na mifugo na wanunuzi wenye fimbo, katikati moshi wa nyama, na nyuma kabisa, upande ambao upepo unapeleka vumbi, wenye mitumba walitandaza maturubai yao chini. Wengi walikuwa bado wanaziogopa nguo zile. Waliziita kafa Ulaya, kwamba mwenyewe kafa huko na mabaki yake yameletwa kwetu. Hata waliozinunua walizificha ndani ya vikapu na kuwaambia majirani zimetumwa na mjomba wa Dar es Salaam. Tatu aliinama hadharani. Alinifundisha kugusa kabla ya kutazama, kukagua mshono wa ndani, kuanza na mabega kwa sababu kiuno kinapunguzika na pindo linapanda, ila bega likikataa limekataa. Alinikataza kununua nguo ya kumfurahisha mtu ambaye hayupo pale. Muuzaji mmoja, Mgogo mwenzangu, alinisalimu "Mbukwa!" nikaitikia, akashusha bei kidogo kwa ajili ya salamu, Tatu akaishusha iliyobaki kwa ajili ya tundu la nondo ambalo mpaka leo naamini alilitoboa mwenyewe.

Hakuna nguo ya mnadani iliyoingia ndani bila kupita mikononi mwa Mama Mwanaidi. Alikuwa na utaratibu wake. Nguo ililoweshwa kwa chumvi na majani ya mwarobaini, ikafuliwa, ikaanikwa, kisha ikatandazwa juu ya tenga lililofunika chetezo cha ubani na udi, mpaka moshi uingie katika kila uzi. Ulipokuwa unapanda alimsemesha mwenye nguo. "Nenda salama, bibi. Hatukujui, hatukudai. Nguo yako imepata mtu mwema." Mimi ni mtoto wa kanisa, na pengine nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nililipenda lile wazo kwamba nguo inaagwa ndipo inaanza upya. Ofisini nikaanza kunukia udi, na kalenda yao ikaharibika. Jumatatu nilikuja na kola nyeupe, Jumanne na sketi ya mistari niliyoipata kwa bei ya mafungu mawili ya nyanya, Jumatano na gauni lilelile la kijivu ambalo hawakulitambua. Karani wa masijala akashindwa kuvumilia. "Loi, siku hizi una mtu Arusha?" "Nina Jumamosi," nikamjibu.

Uthibitisho wangu ulikuwa mikononi mwa Mzee Malogo, mkuu wa utawala. Miaka yote alikuwa akivaa zile suti za mikono mifupi walizovaa wakubwa wote, lakini makoti na tai vilikuwa vimerudi, na yeye hakutaka kuachwa. Mwezi wa nane nilirudi kutoka kazini nikamkuta mkewe akitoka kwetu kwa mlango wa uani, mikono mitupu, uso ameuinamisha. Ndani, Tatu alikuwa na koti la rangi ya majivu mezani, anafumua mishono miwili ya kifuani iliyowekwa kwa ajili ya matiti. Nikatazama vifungo. Vilikuwa upande wa kushoto. "Tatu, koti hili ni la kike." "Hujaliona." "Ni la Mzee Malogo?" "Nimesema hujaliona." Akaendelea kufumua. "Mkewe kamnunulia Msalato kama zawadi, ndipo akashtuka. Mzee hajui. Nimemwambia mkewe nihamishe vifungo, kakataa, anasema alama zitabaki. Na wewe, Loi, sikia. Kinachoingia chumba hiki hakitoki isipokuwa kimevaliwa." Wiki iliyofuata mzee aliingia ofisini nalo, kifua mbele, upande wa kulia umelalia wa kushoto, na hakuna aliyeona kitu. Mimi niliona, nikainamia mashine yangu.

Mwezi wa kumi ikatangazwa kwamba mkubwa mmoja kutoka wizarani atakuja, na kutakuwa na hafla ya kumpokea. Wafanyakazi wanapopata mgeni wa namna hiyo lazima asomewe risala, na mimi, kwa kuwa nilikuwa naichapa na sauti yangu inafika mbali, nikachaguliwa kuisoma. Nilijua maana yake. Uamuzi kuhusu kazi yangu ulikuwa mwezi wa kumi na mbili; hapa ndipo wote watakaoshauriana watakaponiona nimesimama. Nilitaka nguo moja tu. Tuliipata Msalato chini kabisa ya rundo, Tatu aliivuta kwa ncha, ikatoka yote kwa mara moja. Gauni la bluu, refu hadi kifundo cha mguu, laini kiasi kwamba vumbi halikushika, lasi kifuani, na utepe wa kufungia mgongoni. Mabega yalinikaa. Mama Mwanaidi alilifukiza mara mbili na kumwombea mwenyewe dua ndefu kuliko kawaida. Niseme wazi kwamba hatukujua. Sisi watatu, na ujuzi wetu wote wa pindo na mishono, hatukujua. Kwetu mtu analala na khanga, au na gauni lililozeeka. Nani angefikiria kuna mahali watu wanashona lasi kwa ajili ya giza?

Siku ya hafla nilisimama kando ya ukumbi na risala yangu mkononi, na wafanyakazi wenzangu walinitazama kama hawajawahi kuniona. Bi Konstansia mwenyewe alinisogelea akagusa lasi. "Umelitoa wapi?" Nikageuka ili auone na utepe wa mgongoni, nilikuwa na furaha kupita kiasi. Mgeni alikuja na mkewe, mama mnene mwenye sauti nzuri, waliokuwa wamekaa Ulaya miaka mingi kikazi. Nilipopita mbele yao kuelekea kwenye kipaza sauti, nilimsikia mama huyo akimwambia jirani yake, na hakujitahidi kunong'ona. "Masikini! Hilo ni gauni la kulalia. Kule wanavaa kitandani." Jirani akacheka, akamwambia wa nyuma. Nilikiona kicheko kikisafiri safu kwa safu, vichwa vinainamiana, mikono inafunika midomo, mpaka kikamfikia Bi Konstansia, ambaye hakufunika mdomo. Mzee Malogo, katika koti lake la kike, alitazama sakafu. Mlango ulikuwa hatua kumi, na nafsi yangu yote ilikuwa imeshafika huko. Kilichonishika ni upuuzi tu: nilikumbuka Mama Mwanaidi na ungo wake. Nikanyoosha mabega. Nikasoma risala yote, kurasa nne, salamu za utangulizi, mafanikio, changamoto, maombi yetu ya samani na usafiri, sikukosea neno, na nilipofika kwenye shukrani nilimtazama yule mama usoni mpaka yeye akaangalia pembeni.

Nyumbani nililia. Tatu alisikiliza habari yote, akashika kichwa, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na kwa mara ya kwanza nilimchukia. Mama Mwanaidi akasema, "Na mimi nimemfukizia mtu kitanda chake!" hapo hata mimi nikacheka na machozi yakiwa bado yanatoka. Tulipotulia Tatu akalichukua gauni akalipandisha mbele ya dirisha. "Chagua. Ama tulikate matandiko ya watoto, ama unalivaa tena kesho kutwa. Katikati hakuna. Ukilificha sandukuni litakucheka kila ukifungua." "Kesho kutwa ni Jumatatu, Tatu. Ofisini." "Najua siku za wiki. Mimi si kalenda." Nikamwambia anishonee mikono mirefu. Akaishona ya kitenge cheusi chenye maua ya bluu, akaweka kola ile nyeupe, akafunika utepe kwa mkanda wa ngozi. Lasi ya kifuani alitaka kuitoa, nikakataa. Nilitaka walijue kwamba ni lilelile.

Jumatatu niliingia nalo. Hakuna aliyenisalimu kwa sauti ya kawaida. Jumanne, Bi Konstansia akiwa amesafiri kikazi, tarishi aliniwekea rasimu za kuchapa kama kawaida, na ya nne katika rundo, kwa mwandiko wa Mzee Malogo, ilikuwa na jina langu. Ilisema nimeonekana mara mbili nikiwa nimevaa mavazi yasiyoendana na hadhi ya ofisi. Kwamba natakiwa kutoa maelezo kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua. Na kwamba suala hili litazingatiwa wakati wa kufikiria uthibitisho wangu kazini. Nilitafuta mtu wa kunichapia. Hakukuwepo, mpiga chapa alikuwa mimi. Nikaweka karatasi, kaboni mbili katikati, nikajichapia onyo langu bila kosa hata moja, nakala moja ya jalada langu, nikalipeleka kusainiwa. Mzee akasaini bila kuinua macho, akanirudishia mkononi. "Hiyo ni yako." "Ahsante, mzee," nikasema, maana sikujua mtu anasemaje.

Sasa nakiri jambo ambalo sijawahi kulikiri. Jioni ile niliandika maelezo ya kwanza kwa kalamu, na ndani yake nilimweka yeye na koti lake. Niliuliza kama kuna waraka unaoruhusu mwanaume kuvaa koti la mwanamke. Niliandika vizuri sana, hasira ina mwandiko mzuri. Nikamsomea Tatu. Hakucheka. "Ukipeleka hiyo," akasema, "utathibitishwa. Ataogopa. Ila mimi sitakushonea tena, na usije kunisalimia." "Wamenicheka ukumbi mzima, Tatu!" "Ndiyo. Na wewe unataka ukumbi mwingine. Basi yule mama wa Ulaya alikuwa na haki, alikutangulia tu." Aliikanyaga cherehani kwa nguvu, mazungumzo yakaisha. Nilikaa chumbani na karatasi ile, jiko linapoa, nikiwaza majaruba. Nilikuwa na hakika ningepoteza kazi. Nilikuwa na hakika pia kwamba Tatu hatanii. Nikaitia karatasi kwenye jiko, ikashika moto taratibu.

Maelezo niliyoyachapa yalikuwa mafupi, na nakala yake ninayo. "Nakiri nililivaa gauni hilo siku ya hafla na Jumatatu iliyofuata. Linanifunika kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu. Nililinunua mnadani Msalato kwa mshahara wangu halali. Nimefahamishwa kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa akilala nalo. Mimi sijalala nalo. Nimelivaa nikasoma risala ya wafanyakazi, nikalivaa tena nikafanya kazi zangu zote za siku. Sioni kosa la kuombea radhi. Naomba kuthibitishwa kazini." Nilimpelekea mwenyewe, nikasimama. Aliisoma mara mbili. Mimi sikukusudia, lakini macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye koti lake, kwenye vifungo, yakakaa pale muda mrefu kuliko nilivyotaka. Alipoinua uso akaona yalipo. "Unakaa wapi, Loi?" "Kwa Mama Mwanaidi, mzee. Nyumba ya fundi Tatu." Mkono wake ukapanda polepole kwenye kifungo cha juu, akakishika, akatazama chini, na mimi nikaona mtu mzima akijifunza jambo mbele ya macho yangu. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. "Umeandika yote uliyotaka kuandika?" akauliza. "Yote yanayonihusu, mzee." Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya jalada. "Kaendelee na kazi."

Jumamosi hiyo hatukwenda Msalato, Tatu alikuwa na kazi za watu. Nilikuwa nimekaa naye nakata nyuzi alipoingia Mzee Malogo, kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, koti lake begani. "Shikamoo, mzee," tukasema wote wawili. "Marahaba." Akaliweka mezani. "Nataka vifungo vihamie upande wake." Tatu akanitazama mimi kwanza, nikatikisa kichwa kwamba sikusema, akaniamini, aliniamini papo hapo, na hilo ni moja ya mambo yaliyonifanya nimlilie. "Alama za matundu zitabaki, mzee," akamwambia. "Zibaki," akasema. Aliendelea kulivaa miaka, na alama zake, na ukikaa karibu uliziona.

Mwezi wa kumi na mbili rasimu ya barua yangu ilikuja kwenye rundo kama nyingine zote. Nimethibitishwa. Niliichapa nikakosea mara mbili, mimi ambaye onyo nililichapa safi. Watu niliowasimulia huniuliza kama mzee aliniogopa au aliniheshimu. Sijui. Nilifanya kazi chini yake miaka sita mingine na hatukulitaja hata siku moja. Ninachojua ni kwamba nilikaa, kwamba waliokuwa wakiniita Kalenda walianza mmoja mmoja kuulizia mlango wa Tatu, Bi Konstansia akiwa wa kwanza, kwa uani, na kwamba Tatu alimshonea vizuri na hakuniambia alileta nini. Nilimuuliza. "Hakuja mtu," akasema.

Yote hayo yalinipita kichwani huku Saumu amesimama akiningoja nifungue mfuko. Nilikata uzi kwa meno. Gauni lilitoka kwa mara moja, kama siku ile turubaini, na harufu ya udi ikatoka nalo. Tatu alikuwa akilifukiza miaka yote hiyo na hakuniambia. Nilikuwa nimemwachia alitunze nilipojifungua mtoto wa kwanza likanikataa kiunoni, nikadhani lilishakuwa vitambaa vya kufutia mashine. Nilifunga mlango, nikavua, nikalivaa. Mabega yalinikaa vilevile. Mgongoni halikufika, lilibaki wazi upana wa kiganja. Saumu, ambaye ni mwalimu na ameona dunia, aliishika lasi, akasita, akachagua maneno yake kwa adabu aliyofunzwa na mama yake.

"Mama mdogo, usinielewe vibaya. Hili si ni la kulalia?"

"Najua, mwanangu. Chukua khanga ya mama yako pale, uipitishe mgongoni, ukaze."

Akaikaza. Alikuwa anavuta kamasi, sijui kwa kilio au kwa kicheko, kwetu sisi vilikuwa vinakuja pamoja. Barazani walikuwa wamebaki wazee wachache na wale wanawake wa asubuhi, waliosema marehemu alikuwa mpole. Saumu akanionyesha mlango wa uani, kwamba naweza kupita kule nisitazamwe. Nikamwambia afungue wa mbele. Nikaanzia mwisho kabisa wa ukumbi, pale alipokuwa akinisimamisha Tatu, nikanyoosha mabega, nikatoka kwenda kudai chumvi yangu.